Kinyozi Aliyehesabu Vichwa

Shemeji yangu ni kinyozi, na mwenyewe husema kwamba kama hujanyolewa naye bado hujaambiwa ukweli wa nchi hii. Mimi ni dobi, nafua na kupiga pasi chumba cha pili yake, na kati yetu kuna ukuta wa ubao mwembamba kiasi kwamba yeye akipiga chafya mimi ndiye ninayejifuta. Kwa hiyo haya ninayosema sikuhadithiwa na mtu. Nimeyasikia kwa masikio yangu, pasi mkononi, na kola za watu kadhaa zimeungua kwa sababu hiyo. Wenye kola wananijua na tumeshasameheana.

Amemuoa dada yangu, kwa hiyo nina haki ya kumsema nitakavyo na yeye hana haki ya kununa. Ni mtu mrefu, tumbo limetangulia, na sauti yake haijui kunong'ona. Akikuambia siri, aliye ng'ambo ya barabara anaitikia. Lakini mkono! Ana mkono mwepesi, jamani. Anakunyoa ndevu huku anabishana na redio, na wewe huhisi kitu ila ubaridi. Kiti chake ni cha ngozi nyekundu, kinapanda, kinashuka, kinalala nyuma. Alikipata kwa mtu aliyekuwa akifunga kliniki ya meno. Mbele ya kiti kuna kioo cha ukuta mzima, na nyuma, juu ya mlango, kuna televisheni. Basi yeye na wateja wake huiangalia dunia yote kupitia kwenye kioo, kulia ikiwa kushoto, na wameshazoea.

Na ana desturi yake. Ukiwa kwenye benchi unasubiri zamu, hakuulizi lolote zaidi ya habari za nyumbani. Anangoja ukae kitini, akufunge shuka shingoni, akulaze kichwa nyuma, akupake povu mpaka karibu na masikio, kisha afungue wembe. Hapo ndipo siasa zinapoanza. "Mimi nasema Mkubwa hana mpinzani," anasema, na wembe uko hapa, chini ya kidevu. "Au nasema uongo?" Nawe unajibu kwa kubana meno, "Kweli kabisa, Fundi." Anaridhika, anaendelea na shavu la pili.

Mkubwa ndiye aliyekuwa rais wetu wakati ule. Shemeji alimpenda namna watu wanavyopenda timu ya mpira, yaani bila kuuliza swali. Picha yake ilibandikwa juu ya kioo, katikati ya picha za mitindo ya nywele, hata mgeni mmoja akaionyesha kwa kidole akasema ninyoe kama huyu. Mpinzani wake alikuwa daktari wa meno. Kweli kabisa, daktari wa meno, aliyekuwa na kliniki yake akaiacha akaingia kwenye siasa. Shemeji aliposikia alicheka mpaka akakaa kwenye benchi la wateja. "Mtu wa kung'oa meno atatuongoza wapi? Tukae tumefunua midomo tu?" Nikamkumbusha kupitia ukutani kwamba hata kiti chake kimetoka kliniki ya meno. Akanijibu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, dada yangu atasoma.

Kampeni zilipopamba moto, redioni wakaanza kuleta wataalamu na asilimia zao. Shemeji akawa anawazomea. "Hao wanapiga simu! Mtu anakudanganya kwenye simu huku anajikuna mguu. Mimi nahesabu vichwa. Kila kichwa cha mtaa huu kimepita mikononi mwangu, na kila kichwa kimeniambia Mkubwa!"

Na vilimwambia kweli. Mimi mwenyewe nilimwambia. Nilikaa kile kiti, nikalazwa, nikaulizwa, nikasema Mkubwa, tena nikaongeza "milele." Sasa msinitolee macho. Yule ni mume wa dada yangu, kila Jumapili nala kwake, na nilijisemea kwamba mimi ni mtu mmoja tu, kura yangu moja kwa daktari wa meno itamdhuru nani? Nilidhani niko peke yangu mtaani. Nilikuwa nikimwona muuza magazeti anaitikia "Mkubwa" kwa sauti, namwona fundi saa anaitikia, nami najiona msaliti.

Sasa, shemeji ana mdogo wake. Baba yao alifariki huyu mdogo akiwa bado wa kubebwa, na shemeji ndiye aliyemlea, akamlisha, akamsomesha mpaka mwenyewe alipoikataa shule, kisha akamfundisha kazi. Alimfundisha kwa maputo. Unapuliza puto, unalipaka povu, unalinyoa kwa wembe mpaka liwe safi bila kupasuka. Dada yangu anasema nyumba ile ilikuwa inalia pa! pa! kutwa nzima, hakuna kula kwa amani, mpaka siku puto la kwanza lilipobaki zima. Shemeji akalibeba mikononi akatoka nalo mtaani kuwaonyesha watu, anawakataza wasiliguse. Mdogo mtu akaja kuwa mnyoaji wa kiti cha pili, mpole, mwenye kazi ya polepole, hata wateja wakamwita Taratibu. Maneno hana. Kwa kaka wa aina ile, ndugu asiye na maneno ni baraka, maana lazima awepo wa kusikiliza.

Jumamosi moja karibu na uchaguzi chumba kilijaa. Shemeji alikuwa amevimba kichwa kwa zile ndiyo za watu, akaamua kufunga hesabu mbele ya mashahidi. Akawapitia mmoja mmoja, wembe bado uko mkononi kwa sababu hakukumbuka kuuweka chini. "Wewe?" "Mkubwa." "Wewe?" "Mkubwa, Fundi, hata unauliza?" Muuza vipuri vya magari, mtu mnene mwenye ndevu nzito, akasema Mkubwa kabla hajafikiwa. Mwisho akamfikia mdogo wake, aliyekuwa amesimama kando ya kiti chake anasafisha mashine kwa brashi.

"Na wewe wa kwetu?"

Taratibu akaweka brashi chini. "Mimi nampigia daktari wa meno, kaka."

Alisema kwa sauti yake ileile ya kila siku, ya kuuliza kama taulo limekauka. Nikichungulia kwenye ufa wa ubao, niliona watu wameacha kupumua. Shemeji akacheka kwanza, akidhani ni utani. Alipoona anacheka peke yake akaacha.

"Rudia."

"Nampigia daktari wa meno. Umeniuliza, kaka, ndiyo maana nimekujibu."

"Sikukulea ili unidhalilishe mbele za watu," shemeji akasema, na nikasikia sauti yake imekwaruza. "Kwenye chumba hiki hanyoi mtu asiyemtaka Mkubwa. Chukua mashine yako."

Watu wote walitazama viatu vyao. Mimi nilitazama pasi. Hakuna aliyefungua mdomo, na siku ile nilidhani wamenyamaza kwa kukubaliana na shemeji. Taratibu akakunja shuka lake vizuri, akachukua mashine, chanuo na wembe, akaacha ufunguo wake kwenye rafu, karibu na chupa ya spiriti. "Kwaheri, kaka," akasema. Akavuka barabara. Siku ya pili yake tukamwona amefungua mwavuli mkubwa kando ya fundi wa kuziba pancha, ameweka kiti cha plastiki, mashine inatumia betri ya gari. Ukisimama mlangoni kwa shemeji unamwona wazi, na shemeji akaanza kukaa amegeukia ndani.

Matokeo yalitangazwa mchana. Chumba kilijaa mpaka wengine wakasimama kwangu, wanasikilizia kwenye ubao. Kitini alikuwa yuleyule muuza vipuri, shavu moja limeshanyolewa na la pili lina povu. Shemeji alikuwa anamnyoa kwa madaha, anataka amalize pamoja na tangazo ili ashangilie mikono ikiwa mitupu. Mwenyekiti wa tume akasafisha koo, akavaa miwani, akasoma. Akasoma jina la daktari wa meno, akasoma asilimia yake, akasema huyo ndiye rais mteule.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na shati la mtu begani, nikauona uso wa shemeji kwenye kioo. Hakushtuka. Alisubiri. Aliona mzee wa watu amekosea mstari na sasa hivi atajisahihisha. Kisha akageuka akaitazama televisheni yenyewe, ana kwa ana, akidhani labda ni kile kioo kilichogeuza mambo. Daktari wa meno alikuwa palepale juu. Akarudi kwenye kioo. Akageuka tena.

"Huyu amesoma nini?" akauliza.

Hakuna aliyemjibu. Na hapa ndipo paliponichanganya siku ile. Hakuna aliyemjibu na hakuna aliyeshangilia! Kila mtu katoa macho, anamtazama mwenzake kwa kuibia. Moyo wangu ulikuwa unaruka kwa furaha na sikujua nifurahi na nani. Nikajiambia, loo, tumeshinda, lakini hao sisi ni kina nani, ikiwa humu ndani ni watu wa Mkubwa watupu? Nikanuna kidogo, kwa adabu, nisije nikajulikana. Nikaona muuza magazeti naye ananuna. Fundi saa ananuna, tena anatikisa kichwa. Mtu wangu, tulinuna chumba kizima kana kwamba tumefiwa, na kumbe!

Muuza vipuri akasema kwa sauti ndogo, "Fundi, na huu upande wa pili?" Shemeji alikuwa ameshika wembe hewani na mkono ulikuwa unatetemeka. Sijawahi kuuona mkono ule ukitetemeka. Muuza vipuri akautazama wembe unavyocheza, akajifungua shuka mwenyewe, akasema amekumbuka jambo la haraka dukani. Akaondoka hivyohivyo, shavu moja safi na moja jeupe kwa povu, anasalimia watu njiani.

Jioni zikaja habari za kituo chetu cha pale shuleni. Mkubwa ameangushwa vibaya. Si mikoa ya mbali, ni hapahapa, kwenye madarasa tuliyopanga foleni wote. Shemeji akasema kura zimeibwa, na akalisema hilo kwa nguvu zote mpaka Mkubwa mwenyewe alipotokea kwenye televisheni, akampongeza mwenzake na kumtakia kazi njema. Shemeji akamjia juu kwenye kioo. "Wewe unakubali nini? Unawajua watu wako kuliko mimi ninayewanyoa?" Mkubwa akaaga, zikaja habari za michezo.

Jumapili nilikwenda kula kwao. Shemeji alikuwa hajagusa sahani. Alikuwa anahesabu kwa vidole.

"Tuanze hapa mezani," akasema. "Mama watoto, mimi na wewe tulikwenda pamoja. Mimi kura moja, wewe moja."

"Wewe moja," dada yangu akasema, anapakua.

"Unasema?"

"Nasema wewe moja. Ya kwangu nilimpa daktari wa meno. Hili gego linaniuma tangu mwaka jana, nimekwenda hospitali mpaka nimechoka, leo hakuna ganzi, kesho hakuna daktari. Nikasema huyu angalau atajua maumivu yalipo."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, baba watoto. Uliniambia."

Shemeji akanigeukia, masikini, anatafuta pa kushika. "Umeyasikia haya, shemeji? Ndani ya nyumba yangu! Afadhali wewe." Nikajaza chakula mdomoni. Dada akanitazama kwa lile jicho lake la tangu utotoni, nikajua kwamba anajua. Nilitafuna mpaka taya likauma.

Siku zilizofuata zilikuwa za ajabu. Angekuwa na hasira ningejua namna ya kumtania, lakini hakuwa na hasira, alikuwa amepotea. Alisimama mlangoni anawaonyesha wapita njia kwa kitana. "Yule kaniambia Mkubwa. Huyu naye Mkubwa. Huyo wa baiskeli aliapa kwa mama yake mzazi. Sasa waliompigia huyu mng'oa meno walitoka wapi? Walishushwa na lori?" Kila aliyekaa kitini akaulizwa upya, palepale, povu lilelile, wembe uleule. "Niambie ukweli, ndugu yangu, sitakasirika. Ulimpigia nani?" Na wote, mpaka wa mwisho, wakamjibu kwamba ni Mkubwa, haki ya Mungu, Fundi, Mkubwa!

Akawa anakuja kugonga ubao. "Shemeji! Mwingine huyu, Mkubwa! Nimefika mahali naona labda ni mimi. Labda mimi ndiye niliyekosea kisanduku."

Nikacheka. Kisha nikasikia kwamba mwenzangu hacheki, nikarudi kwenye pasi.

Kibaya zaidi, ule mkono haukutulia. Akamchana mwalimu wa hesabu nyuma ya sikio, kidogo tu, lakini damu ni damu. Akamchana na karani wa posta. Watu wakaanza kupita upande wa pili wa barabara, na upande wa pili wa barabara ndiko kwenye mwavuli. Mwenyewe hakuthubutu tena kujinyoa. Ndevu zikamwota ovyo, nyingine nyeupe ambazo hatukujua kama anazo. Kinyozi mwenye ndevu vile anatisha wateja kuliko kidonda, na nilimwambia hivyo, na hakunitukana, ndipo nikaanza kuogopa.

Habari ya Taratibu aliileta dada. Alikuja kwangu na mashuka ya kufua siku ya Alhamisi, akasimama ameuelekea ubao, akasema kwa sauti ya juu kupita kiasi: "Taratibu anaondoka. Kapata kiti kwenye saluni moja mji wa mbali, Jumamosi asubuhi anapanda basi. Mimi kaniaga. Kaka yake hajamuaga, anasema alifukuzwa na hajaitwa."

Upande wa pili mashine ya kunyolea ikazimwa.

"Umesikia?" dada akauuliza ubao.

"Nimesikia," ubao ukajibu.

Hakuchukua muda akaingia kwangu. Akajitupa juu ya rundo la nguo chafu na kunitazama kwa chini, mimi nimesimama napiga pasi suruali. Macho yalikuwa mekundu.

"Nilimfundisha kwa maputo," akasema. "Wewe hukuwepo. Alikuwa akipasua moja analia, nampulizia jingine." Akavuta soksi moja chini yake, akaitupa kando. "Na wewe, shemeji? Hebu niambie. Ulimpigia nani?"

Sijui kilichonipata. Labda ni vile alivyokuwa amekaa pale chini kwenye soksi za watu. "Daktari wa meno, shemeji," nikasema.

"Ebo! Hata wewe! Na ile 'milele' ilikuwa ya nini?"

"Ilinitoka tu."

"Ilikutokaje?"

"Sijui, haki ya Mungu. Nikishakaa kwenye kile kiti chako najikuta nimeshasema."

Nilidhani atanirushia kitu. Hakurusha. Aliinama, akaanza tena kuhesabu kwa vidole, anataja wateja mmoja mmoja, na kila akitaja anakikunja kidole. Akafika mwisho, kikabaki kidole kimoja kimesimama, akakitazama. "Ina maana ni yule mmoja tu," akasema. "Vichwa vyote vile, kimoja tu ndicho kilichoniambia, na hicho ndicho nilichokifukuza." Nikamwambia basi vuka barabara umwombe abaki. Akasema hawezi, atasema nini, yeye ni kaka mtu. Akasema labda yule kijana anataka kwenda, labda ni bahati yake. Akasema hajui tena anachokijua na asichokijua. Akaondoka na soksi ya mtu imemganda mgongoni.

Ijumaa alasiri nikamwona anavuka. Amevaa shati safi nililompigia pasi mwenyewe, ndevu zake za aibu usoni, anatembea shingo upande. Nikaiacha pasi nikamfuata. Fundi pancha akaacha pampu. Muuza vipuri, aliyekuwa akingoja zamu, akampisha bila kuambiwa.

Shemeji akakaa kwenye kiti cha plastiki. Kikalia. "Ninyoe," akasema.

Taratibu akamfunga shuka, akamlaza kichwa, akakoroga povu polepole kama kawaida yake, akampaka. Akafungua wembe. Akanyoa shavu la kwanza lote, na mkono wake ulikuwa mwepesi kama ule wa zamani wa kaka yake, tukasikia ule mkwaruzo mdogo tu wa ndevu. Kisha akauleta wembe chini ya kidevu, akausimamisha hapo.

"Kaka," akasema, yeye asiyesemaga na mteja, "huyu rais mpya unamwonaje?"

Koo la shemeji likapanda, likagusa wembe, likashuka.

"Mzuri," akasema kwa kubana meno.

"Unamkubali?"

"Kweli kabisa, Fundi."

Muuza vipuri akapaliwa na kicheko, akajifanya anakohoa. Lakini shemeji macho yalikuwa yamemsimama, yanatazama ndani ya mwavuli. Niliona mambo yanamwingia. Nilimwona anamkumbuka kila mtu aliyelala kwenye kile kiti chekundu, na mimi nikiwemo, na mimi mwenyewe nikayaelewa yangu pamoja naye, saa ileile, nikaona haya.

"Kumbe," akasema.

"Sikukuuliza ili nikucheke, kaka."

"Na wewe? Mbona wewe hukunidanganya?"

Taratibu akaufuta wembe kwenye taulo. "Mimi siku ile nilikuwa nimesimama. Tena ni kaka yangu aliyeniuliza. Nikuambie nini zaidi ya ukweli?"

Akaurudisha wembe mahali pake. "Kesho nakwenda," akasema. "Naona ndiyo vizuri. Au wewe unasemaje?"

Shemeji akafungua mdomo. Nilijua atakalolisema, sote tulilijua, lilikuwa limeshafika kwenye meno: ndiyo, vizuri, nenda salama. Likabaki hapo. Akatoa mkono chini ya shuka, akamshika mdogo wake kifundo cha mkono, akauondoa wembe shingoni mwake kwa upole sana, mpaka ukawa mbali. Kisha akasimama. Alisimama wima na urefu wake wote, kichwa kikagonga mwavuli, shuka linaning'inia, shavu moja safi na la pili jeupe kwa povu.

"Niulize tena," akasema.

"Niende, kaka?"

"Usiende."

Yeye ambaye sauti yake haijui kunong'ona, hili alilisema chinichini mpaka fundi pancha akauliza amesema nini. Machozi yakapita kwenye povu, yakachora njia. Hakuyafuta. "Nilikosa," akasema. "Usiende, mdogo wangu."

Taratibu akautazama wembe mkononi, akaufuta, na ulikuwa umeshafutwa. Harufu ya kitambaa kinachoungua ikatufikia kutoka ng'ambo, nikakumbuka nimeacha pasi juu ya suruali ya karani wa posta. Sikuondoka.

"Kaa, kaka," Taratibu akasema. "Kaa nimalize huu upande wa pili, halafu ukanipe ufunguo wangu."

Shemeji akakitazama kile kiti cha plastiki.

"Nikikaa utaniuliza tena?"

"Sikuulizi kitu."

Akakaa.